Mtu wa Koti la Njano

Elspeth Watt alikuwa na unga mpaka viwikoni simu ilipolia. Bekari ya Portgarvie hufunguliwa mapema kwa ajili ya watu wa gatini, na asubuhi ile alikuwa akikunja ile mikate bapa ya chumvi na mafuta ambayo wavuvi huipenda kwa sababu hukaa siku nyingi baharini bila kuharibika. Alimwomba mwenzake amshikie simu sikioni. Alikuwa mama yake, Netta, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita kawaida.

"Nawa mikono uje nyumbani, mwanangu," mama alisema. "Baba yako ametutoka. Alikuwa anavaa viatu. Kimoja amefunga, cha pili hakufika."

Kijijini kwetu mtu hakimbii barabarani ila kama kuna boti imepata ajali, kwa hiyo Elspeth alitembea. Alitembea na aproni yake, akipita nyumba moja baada ya nyingine, akawaitikia waliomsalimu. Alipoingia jikoni alimkuta baba yake, Findlay, ameketi kwenye kiti cha pembeni mwa jiko, kichwa kimelala kidogo upande wa dirishani kama mtu anayesikiliza jambo nje. Mama alikuwa amekwisha kumfunga kile kiatu cha pili. Alisema hakutaka daktari amkute hajamaliza kuvaa.

Walipiga magoti wote wawili pale pale kwenye sakafu ya jikoni, wakamshukuru Mungu kwa kuwapa mtu yule na kwa kumchukua bila kumtesa. Ndipo Elspeth akalia, na unga wa mikono yake ukageuka uji.

Ulikuwa mwezi wa Aprili. Mwezi uliofuata televisheni ilikuwa ionyeshe filamu ya kumbukumbu ya mwaka ule timu ya Aberdeen, mji wetu mkubwa hapa Uskoti, ilipokwenda Gothenburg kucheza fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya na kuwafunga Real Madrid. Portgarvie nzima ilikuwa inaisubiri, kwa sababu Findlay Watt alikuwemo. Kwa muda wa majira yote ya baridi watu walimtania: wengine walimwita nyota, na mwenye duka alimwomba asaini pakiti ya sukari. Alikuwa ameahidi kunyoa vizuri siku ya kuonyeshwa, ingawa kila mtu alimwambia kwamba kwenye filamu tayari ameshatokea na ndevu.

Findlay alizaliwa hapa hapa, mtoto wa pili wa mwenye boti iliyoitwa Uaminifu. Kijiji kimejengwa chini ya jabali, nyumba zimeipa bahari ubavu ili mawimbi yasigonge milango, na zamani karibu nusu ya watu walikuwa wa ukumbi, jamaa ya Watt wakiwemo. Ukumbi ni nyumba ya ibada isiyo na mnara wala kinanda. Watu wake huketi kuizunguka meza ya Bwana, huimba kwa koo zao tu, na hawajichanganyi na mambo ya dunia. Redio ni kwa ajili ya hali ya hewa, gazeti ni kwa ajili ya bei ya samaki. Televisheni hapana, na mpira ndiyo kabisa. Na mtu akishatengwa, aliye ndani haruhusiwi kula naye meza moja, hata awe mama yake mzazi. Elspeth hakulelewa humo, na alipokuwa mdogo aliwaona watu wale kuwa wakali tu. Ukubwani alikuja kuona kwamba wanaishi hivyo kwa kumcha Mungu, wala si kwa kumchukia mtu. Kumcha Mungu si jambo la kuchekwa hata pale linapouma.

Kaka yake Findlay, Benjamin, alikuwa amemtangulia kwa miaka michache, na maisha yale yalimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakujua kusema uongo. Watu walisema hata samaki akimtoroka wavuni, Benjamin atakwambia alikuwa mdogo. Findlay yeye aliupata mpira kama mtu anavyopata mafua, kwa kukaa karibu na walio nao. Kwenye Uaminifu kulikuwa na mabaharia wa kutoka bandari nyingine, na Jumamosi mchana walipokuwa baharini walimwomba Benjamin, aliyekuwa nahodha, awaachie redio kidogo baada ya utabiri wa hali ya hewa. Benjamin alikuwa akitoka kwenye chumba cha usukani na kwenda kukagua nyavu ambazo hazikuwa na tatizo lolote. Findlay alibaki.

Mwaka ule wa fainali Findlay alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hajaoa. Mji wa Aberdeen wote ulikuwa kama wenye harusi, na meli ya abiria ilikodiwa kuwavusha mashabiki mpaka Uswidi. Findlay akajipatia nafasi. Ilikuwa Mei, boti imepandishwa nchi kavu kupakwa rangi, hakuna ambaye angemkosa kazini. Alimwambia kaka yake kwamba ana safari na atarudi kabla ya Jumapili. Benjamin hakumuuliza anakwenda wapi. Baadaye watu walibishana sana kuhusu hilo, kama alikuwa hajui au alikuwa anajua ndiyo maana hakuuliza.

Alfajiri ya kuondoka Findlay alipitia bohari ya boti kuchukua koti lake la mvua, lile la njano zito la wavuvi. Kwetu kila baharia huandika jina lake mgongoni kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, ili akianguka majini wenzake wajue wanamvuta nani. Makoti mawili yalining'inia misumari ya jirani, la F. Watt na la B. Watt. Mle ndani hakukuwa na taa. Akachukua la karibu na mlango, akaondoka nalo mkononi, akapanda basi la kwenda mjini.

Bahari ilikuwa mbaya. Watu walioondoka gatini wakiimba na kupeperusha skafu nyekundu walikuwa wamelala chali kabla ya chakula cha jioni, wengine wakiomba wafe. Findlay, ambaye tumbo lake halikuwahi kumsumbua hata kwenye dhoruba za Januari, alikula sahani yake na za jirani zake wawili, kisha akatafuta ndoo. Siku ile na iliyofuata alizunguka humo melini akiwashikia watu vichwa, akimwaga, akisuuza, akirudi tena. Mmoja wa aliowashikia alikuwa msichana wa Aberdeen aliyefanya kazi ya kukata minofu ya samaki, aliyekuja na shangazi yake. Ndiye Netta. "Baba yako alinishikia ndoo kabla ya kunishika mkono," alipenda kumwambia Elspeth. "Sikuwa na cha kumficha tena, ikabidi anioe."

Kuhusu mchezo wenyewe kila mtu wa pwani hii anajua la kusema, hata waliokuwa hawajazaliwa. Mvua ilinyesha kama ya gharika. Wetu walifunga mapema, Madrid wakasawazisha kwa penalti, dakika tisini zikaisha, na katika muda wa nyongeza likaja lile goli la kichwa. Maelfu ya watu walikuwa wamelowa mpaka mifupani. Findlay alikuwa mkavu. Netta naye alikuwa mkavu kuanzia kipindi cha pili, kwa sababu lile koti la njano lilikuwa kubwa na walienea wawili.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa Findlay aliinua mikono yote miwili juu, na mpiga picha aliyekuwa nyuma yake akapiga. Picha ile ilitoka kesho yake ukurasa wa mbele wa gazeti, mgongo wa njano, mikono angani, na jina katikati. B. WATT.

Wazee wa ukumbi walilifungua gazeti kutafuta bei ya samaki, wakamwita Benjamin siku hiyo hiyo. Waliliweka mbele yake juu ya benchi. Lingeweza kuwa jambo la kuchekesha, kwa kuwa Benjamin hakuwa ametoka kijijini wiki nzima na mikono yake bado ilikuwa na rangi ya boti. Lakini walimuuliza swali moja, naye alijibu kwa ukweli, kama alivyojibu kila swali maishani mwake.

"Koti ni langu," alisema. "Mgongo ni wa ndugu yangu."

Findlay alipofika nyumbani alikuta mambo yamekwisha. Walimpa nafasi ya kutubu, naye akajibu kwa upole kwamba anaweza kutubia mengi lakini akitubia lile atakuwa anamdanganya Mungu. Wakamtenga. Akatoka kwenye boti, kwa maana mabaharia hula pamoja, na akapata kazi katika kiwanda cha barafu gatini, akawa anawatengenezea barafu wale wale aliokuwa akivua nao. Alimuoa Netta katika kanisa la juu, lenye mnara na kinanda. Hakwenda mbali kukaa. Alipanga nyumba katika mtaa ule ule, akaishi humo mpaka alipokufa, akiuona mlango wa kaka yake kila alipofungua dirisha.

Na kila mara Uaminifu iliporudi kutoka baharini, mfuko wa samaki ulikutwa umefungwa kwenye kitasa cha mlango wa Findlay. Hadoki, wakubwa, wametumbuliwa tayari. Hakuna aliyebisha hodi. Sheria ilikataza kula pamoja, haikusema lolote kuhusu vitasa. Netta aliwapika supu ya maziwa na viazi, akawakaanga, akawapeleka kwa jirani mwenye banda la kukaushia samaki kwa moshi walipozidi. "Shemeji yangu hataki kunipa mkono," alikuwa akisema, "lakini ameninenepesha kuliko ndugu zangu wote."

Ndugu wale wawili walikutana gatini karibu kila siku ya kazi. Mmoja alisema upepo umegeuka, mwingine akasema umegeuka kweli. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao, miaka nenda miaka rudi, na kama upepo haukugeuka walisema haujageuka. Elspeth alipokuwa mtoto aliona wivu, kwa sababu baba yake alipoomba kabla ya kulala alimtaja kwanza Benjamin, halafu mama, halafu yeye. Aliwahi kumuuliza baba yake kama alimkasirikia Benjamin. Findlay aliuliza amkasirikie nani.

Watu wa filamu walitokea mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mchangamfu aliyeitwa Catriona. Walikuwa wamepata mkanda wa zamani uliopigwa ndani ya meli, na ndani yake alionekana mtu mwenye koti la njano akipita na ndoo kati ya watu waliolala ovyo kama magunia. Wakataka kumjua. Walisoma jina mgongoni, wakatafuta simu ya B. Watt, wakaipata. Benjamin alikuwa na simu kwa ajili ya shughuli za boti. Catriona alisimulia baadaye kwamba yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kuguna, kisha akamwambia koti ni lake, mgongo ni wa ndugu yake, akamtajia namba ya nyumba.

Findlay aliposikia hayo alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo wakamhoji, kule gatini, siku ya upepo, na kwa kawaida yake hakumwambia mtu alichosema. Alisema watakiona wenyewe.

Sasa alikuwa amelala katika chumba cha mbele, na mtu wa mazishi alikuja kupanga mambo. Kwetu jeneza haliteremshwi na wachimba kaburi. Linateremshwa kwa kamba nane na watu wa marehemu mwenyewe, na kila kamba ina namba na nafasi yake. Ya kwanza ni ya kichwani, ya pili ni ya miguuni, nyingine ni za ubavuni. Anayepewa kamba hupewa heshima anayoikumbuka mpaka kufa, na asiyepewa hukumbuka vilevile. Ya kichwani walikubaliana kuwa ya Elspeth, ingawa zamani wanawake hawakufika kaburini. Za ubavuni zilijaa upesi kwa watu wa kiwanda cha barafu na binamu wa Aberdeen. Mtu wa mazishi akauliza ya miguuni. 

"Hiyo ni ya kaka yake," Netta alisema mwishowe.

Mtu wa mazishi alikuwa wa hapa, akashusha macho. Alijua kama wote walivyojua kwamba watu wa ukumbi hawaingii katika ibada ya wengine, na kwamba waliotengwa huzikwa na watu wao. Wakija sana husimama nje ya geti la makaburi, kofia mkononi, mpaka jeneza lipite.

Elspeth alisema ataenda kumwomba. Mama yake alimkataza. Alisema ukimwomba mtu kama Benjamin unamlazimisha akukatalie mdomoni, na neno lake likishatoka hatalirudisha. Afadhali wasubiri waone. Elspeth alisema wamesubiri tangu kabla hajazaliwa. Hawakugombana, ila mama alianza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Siku mbili kabla ya maziko Catriona alipiga simu kutoa pole. Alisema sehemu ya Findlay wameiacha yote bila kukata neno, na kama familia inataka atawatumia waione kabla ya watu wengine. Wakaiangalia saa sita mchana mezani jikoni, kwenye simu ya Elspeth, imeegemezwa kwenye birika. Mama alivaa miwani yake ya kanisani.

Walimwona na ndevu zake, upepo umemvuruga nywele. Walimwona pia akiwa kijana, mwembamba, na ndoo mkononi. Netta alisema lo, jamani, mbona alikuwa mtoto. Halafu wakasikiliza aliyoyasema. Ilipokwisha, Netta alivua miwani, akaifuta kwa aproni kwa muda mrefu.

"Nenda," alisema. "Nenda kamwombe."

Benjamin alikuwa nje ya bohari yake, ameketi juu ya sanduku la samaki, anasuka dema, mtego wa kaa. Ameshaacha bahari lakini mikono haijaacha. Alipomwona Elspeth alisimama, akavua kofia, akampa pole kwa maneno yaliyopangika vizuri, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi. Hakumkaribisha chai, na Elspeth hakuitegemea. Alimwambia moja kwa moja kuhusu kamba. Benjamin aliketi tena, akashika uzi wake.

"Binti yangu," alisema, "unajua lisilowezekana kwangu."

"Najua, Baba Mkubwa. Lakini baba alikutaja kabla hajafa. Alizungumza habari zako."

"Alizungumza na nani?"

"Na watu wa televisheni."

Benjamin alitikisa kichwa polepole. Alisema hajawahi kutazama kitu kile, na hataanza uzeeni, hata kwa ajili ya Findlay. Elspeth alikuwa tayari ameishika simu mkononi, hakujua aiweke wapi. Yule mzee aliitazama kwa pembe ya jicho, akafikiri. Alipofikiri vya kutosha alinyanyuka, akageuza sanduku lake, akaketi akiwa ameielekea bahari, mgongo wake kwa Elspeth na kwa simu yake.

"Redio tunayo kwenye boti," alisema. "Sauti ni sauti. Washa."

Elspeth akasimama nyuma yake, akaishika simu karibu na sikio lake, kama mtu anayemnyoa. Kwanza zikasikika nyimbo za mashabiki, na Benjamin akaendelea kusuka. Kisha sauti ya Findlay ikatoka, ikiwa na ile kwikwi yake ya kicheko, kana kwamba yuko pale pale kwenye gati.

"Watu hudhani mpira ulininyang'anya kaka yangu," Findlay alisema. "Haukuninyang'anya. Kosa lilikuwa langu, nilichukua koti lake gizani. Wakamuuliza ni nani, akasema kweli. Mlitaka aseme nini? Angesema uongo kwa ajili yangu ningekuwa nimemharibu, na mimi nilikwenda kuona mpira tu, sikwenda kumharibu mtu. Sijawahi kumwambia hivyo. Si jambo la kusemea gatini, na mezani hatukai. Lakini samaki wake nimewala, na kila niliyemla nilimwombea aliyemleta. Kama anasikia, ajue hakuna kitu baina yetu. Hakikuwahi kuwepo."

Catriona akasikika akimuuliza kama atamwonyesha kaka yake filamu hii. Findlay akacheka, akasema huyo hatatazama, lakini ana masikio mazuri.

Mikono ya Benjamin ilikuwa imesimama juu ya dema. Elspeth aliizima simu. Alitaka kumshika bega, akaogopa. Wakakaa hivyo, mmoja akitazama maji na mwingine akitazama ukosi wa shati la yule mmoja, ambao ulikuwa umepigwa pasi vibaya kwa kuwa mke wake alifariki zamani.

"Mbili kwa moja," Benjamin alisema.

Elspeth hakuelewa.

"Mchezo ule. Mbili kwa moja, baada ya muda wa nyongeza. Nilikuwa kwenye boti peke yangu na rangi yangu, nikafungua redio kungoja utabiri wa hali ya hewa." Alivuta uzi wa dema. "Utabiri ulichelewa. Nami sikuzima."

"Baba Mkubwa."

"Hawakuniuliza kuhusu redio," alisema. "Waliniuliza kuhusu koti. Nikajibu kuhusu koti. Kila siku nilimwona pale gatini nikasema leo nitamwambia. Nikamwambia upepo umegeuka."

Hakulia. Alikunja ule uzi, akaufungua, akaukunja tena. Elspeth alimwambia kwamba baba yake angecheka, na kwamba pengine angetaka kujua alilipokeaje lile goli la pili. Benjamin alisema alilipokea kwa kumwaga kopo la rangi. Kisha akasema inatosha, aende kwa mama yake, asimwache peke yake. Kuhusu kamba hakusema ndiyo wala hapana, na Elspeth hakumuuliza mara ya pili. Alirudi nyumbani akaomba, akaomba vibaya, akimwambia Mungu la kufanya.

Maziko yalikuwa Ijumaa. Kanisa la juu lilijaa mpaka watu wakasimama ukutani, na wengi walivaa skafu nyekundu ndani ya makoti meusi, kwa kuwa Netta alisema Findlay asingependa waje kama wanazika hakimu. Mchungaji alisema maneno mazuri na mafupi. Baadaye walilibeba jeneza kwa mabega, wakapanda nalo njia ya makaburini, ambayo iko juu ya jabali na inaona bahari pande mbili.

Nje ya geti walisimama watu wa ukumbi, sita au saba, wazee kwa vijana, kofia mikononi. Elspeth alishukuru moyoni kwamba wamefika. Benjamin alikuwa katikati yao. Jeneza lilipita mbele yake, akalitazama, hakusogea. Elspeth akaingia ndani akijua kwamba kamba ya pili itashikwa na mtu wa mazishi mwenyewe.

Wakaliweka jeneza juu ya mbao, kamba zikatandazwa, na mtu wa mazishi akaanza kuita namba. Elspeth akasimama kichwani. Ilipofika ya pili, mtu wa mazishi alisita, akatazama nyuma.

Benjamin alikuwa anaingia getini. Mzee mwenzake wa ukumbi alikuwa amemshika mkono wa koti, kwa upole, akimwambia jambo kwa sauti ya chini, naye alisimama kumjibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujibu. Pale juu hakuna kinachozuia sauti, na wote walisikia.

"Kamba si meza, Ezra," alisema. "Sitakula kitu. Namteremsha ndugu yangu."

Yule mzee akamwachia. Akabaki pale getini, kofia mkononi.

Benjamin alipita kati ya watu, nao wakampisha. Alisimama miguuni, akaiokota kamba yake, akaizungusha mara moja kwenye kiganja kama baharia. Aliinua macho akamtazama Elspeth ng'ambo ya jeneza, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba yuko tayari. Mbao zikaondolewa. Uzito ukashuka kwenye mikono yao wote nane kwa pamoja, na Elspeth alishangaa ulivyokuwa mzito, kisha akazoea. Waliteremsha taratibu. Upande mmoja ulipotangulia, Benjamin aliwaambia watu wa ubavuni waende polepole, nao wakapunguza. Jeneza likafika chini bila kugonga.

Wakaziachia kamba, zikaanguka juu yake. Mchungaji akasali, watu wa ukumbi kule getini wakainamisha vichwa, na wote wakaitikia amina. Netta alitupa udongo, Elspeth akatupa, Benjamin akatupa. Wachimbaji wakaanza kufukia. Watu waliteremka kijijini kunywa chai na kula pai ya nyama, na Benjamin akaenda nyumbani kwake.